Ndege ya Kivita Haina Grogan: Historia ya Nchi Zilizojaribu Kuunda Zao

Kila Juni bajeti ikisomwa, mjadala huu unarudi vile vile. Upande mmoja unasema: hospitali hazina dawa, ndege za kivita za nini? Upande wa pili unajibu: nchi bila ulinzi si nchi. Halafu siku hizi kuna kundi la tatu, wengi wao vijana, linalouliza: badala ya kununua kila siku, kwani hatuwezi kuunda zetu? Hapo ndipo watu huanza kucheka. "Nchi inaagiza vijiti vya kuchokolea meno kutoka nje, itaunda ndege ya kivita?"

Mimi sicheki. Hilo swali la tatu ndilo zito kuliko hayo mengine mawili, na kuna nchi zilizolijibu kwa vitendo zikiwa na shida kama zetu. Uzi huu ni wa historia yao. Sitataja mwanasiasa wala chama, wa kwetu au wa kwao, juu mnajua vile komenti zinageukanga. Utakuwa mrefu, kwa hivyo shika chai.

Msimamo wangu nausema mapema. Nchi inayoendelea inahitaji kufanya utafiti wake wa ndege za kivita, hata kama ndege yenyewe itachelewa, hata kama haitafikia ile ya Mmarekani. Na sababu si fahari ya gwaride la Jamhuri Dei. Sababu ni kwamba ndege ya kivita hainunuliwi ikaisha. Ukinunua Probox ikikufia barabarani, unaenda Grogan au Kirinyaga Road, unapata kipuri, fundi anafunga na jioni uko njiani. Ndege ya kivita haina Grogan. Kipuri kinatoka kwa aliyeiunda, kwa bei yake, wakati wake, na serikali yake ikiwa imekubali. Umenunua ndege, lakini ruhusa ya kuirusha mwaka wa kumi bado iko kwa mtu mwingine.

Sisi tunaijua hii hali kwa ukimya. F-5 zetu za kwanza kutoka Marekani zilifika 1978. Miaka thelathini hivi baadaye tukaongeza zingine, zilizokwisha kutumika, kutoka Jordan. Hatujawahi kukosana na muuzaji kiasi cha kufungiwa vipuri, ndiyo maana wengi wetu hatufikirii jambo hili. Waulize Wapakistani.

Septemba 1965 Pakistan na India zilipigana. Marekani ikasimamisha silaha kwa pande zote mbili. Kwenye karatasi huo ni usawa. Kwa vitendo Pakistan iliumia zaidi, kwa sababu ndege zake bora, Sabre na Starfighter, zilikuwa za Marekani, huku India ikiwa na za Uingereza, za Ufaransa na chache za Kisovieti. Ungedhani somo lilieleweka. Lakini miaka ya 1980 Pakistan ilirudi kwa muuzaji yule yule ikanunua F-16. Mwaka 1990 Marekani ikakataa kukabidhi zilizobaki, sababu ikiwa mpango wa nyuklia wa Pakistan. Ndege 28 zilizokuwa zimeshaundwa zikapelekwa kuegeshwa jangwani Arizona. Pesa ilikuwa imelipwa. Suluhu ilipatikana Desemba 1998: sehemu ilirudishwa kwa pesa taslimu, sehemu kwa bidhaa, ngano ikiwemo. Soma tena hapo. Mtu alilipia ndege za kivita akarudishiwa ngano.

Baada ya hapo Pakistan iliingia ubia na China wakaunda JF-17. Iliruka mara ya kwanza 2003, inaundwa Kamra, na 2021 Nigeria ilipokea tatu. Si ya Pakistan peke yake, na injini yake inatoka Urusi. Shikilia hilo neno injini, kwa sababu litarudi mpaka mchoke nalo.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuanze na aliyejaribu mapema kabisa. Argentina iliunda ndege ya jeti, Pulqui, ikaruka Agosti 1947. Hapo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa hazijafanya hivyo. Kisha ikamleta Kurt Tank, Mjerumani aliyebuni Focke-Wulf 190 ya Vita vya Pili, pamoja na kundi la wahandisi wake, na Juni 1950 Pulqui II ikaruka mjini Córdoba. Mwaka 1955 kukawa na mapinduzi ya kijeshi. Pesa zilikuwa zimepungua, na mradi ulikuwa unanuka serikali iliyopinduliwa, kwa hivyo wapya hawakuutaka. Nchi ikanunua Sabre za Marekani. Uamuzi wa busara, mtu angesema wakati ule: kwa nini uhangaike na ndege yako yenye matatizo wakati ya mwenzako imeshathibitishwa vitani?

Bili ya busara hiyo ilikuja polepole. Mwaka 1982 Argentina ilipigana na Uingereza juu ya visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falklands. Ilikuwa imeagiza kutoka Ufaransa ndege 14 aina ya Super Étendard pamoja na makombora ya Exocet. Vita vilipoanza zilikuwa zimefika ndege tano na makombora matano. Ufaransa ikafunga mlango. Kombora moja kati ya hayo liliangamiza meli ya kivita ya HMS Sheffield, kwa hivyo silaha ilifanya kazi vizuri sana. Ilikuwa tano tu. Zilipoisha, ziliisha.

Hiyo si hata sehemu inayonishangaza. Mwaka 2020, karibu miaka arobaini baada ya vita, Argentina ilitaka kununua FA-50 kutoka Korea Kusini. Kampuni ya Korea ikawaandikia kwamba haiwezi kuuza, kwa sababu vifaa sita vikuu vya ndege hiyo hutoka Uingereza, na Uingereza haijaondoa marufuku yake. Yaani unaenda Seoul kununua ndege, unakatazwa na London! Mwishowe 2024 ilisaini kununua F-16 24 zilizotumika kutoka Denmark, Marekani ikiwa imetoa baraka zake. Nchi iliyorusha jeti yake 1947.

Na Kurt Tank? Argentina ilipomalizana naye, alipanda ndege mwaka 1956 akaenda Bangalore, India. Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu India ndiyo darasa lenyewe, mazuri na aibu zote pamoja.

India haikuanza na Mjerumani. Kiwanda cha Hindustan Aircraft kilianzishwa Bangalore Desemba 1940 na mfanyabiashara Walchand Hirachand, nchi ikiwa bado koloni. Wakati wa vita kilikuwa kinarekebisha ndege za Wamarekani, na mafundi wa huko walijifunza hapo. Baada ya uhuru wahandisi wa India walibuni ndege ndogo ya mafunzo, HT-2, iliyoruka 1951. Ni ndege ya propela, si kitu cha kutisha adui. Lakini Ghana ilipoanzisha jeshi lake la anga 1959, ilipata HT-2 za India. Watu wanaosema utafiti wa nchi maskini hauna mteja hawaijui hiyo.

Tank alikuta wabunifu wenye uzoefu ni wachache mno. Hakukuwa na kiwanda cha maana wala vifaa vya kutosha vya kupimia. Kwanza wakajenga mfano wa ukubwa kamili kwa mbao, bila injini, ukavutwa angani na ndege nyingine 1959 ili kuona mabawa yanavyofanya kazi. Tarehe 17 Juni 1961 ndege yenyewe, HF-24 Marut, ikaruka. Haikuwa imetimia miaka mitano tangu Mjerumani atue Bangalore. Ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti ya kivita kubuniwa na kuundwa India.

Tatizo lilikuwa moja, na mmeshalikisia. Marut ilichorwa kwa ajili ya injini ya Uingereza, Orpheus, toleo lenye nguvu zaidi ambalo huchoma mafuta ya ziada upande wa nyuma ili kuongeza msukumo. Injini hiyo ilikuwa bado inaendelezwa. Nchi za Ulaya zilizotarajiwa kuinunua zikabadilisha mawazo, Uingereza ikaiambia India: mkitaka tuimalize, changieni gharama. India ikakataa. Kwa hivyo ndege iliyochorwa kuipita sauti ikawekewa injini dhaifu, na kwa usawa wa kawaida haikuweza kuipita sauti. Mwili wa mwanariadha wa Iten, moyo wa mtu wa kukaa ofisini.

Walitafuta injini nyingine kila mahali. Na hapa kuna kisa ambacho hakifundishwi, na ninaona kingefaa kila kitabu cha historia ya Afrika. Misri nayo ilikuwa inaunda ndege yake ya kivita, HA-300, kule Helwan karibu na Cairo, chini ya Willy Messerschmitt, na Ferdinand Brandner wa Austria alikuwa anaiundia injini inayoitwa E-300. India ilikuwa na mwili wa ndege lakini haina injini. Misri ilikuwa na injini inayohitaji mwili wa kuijaribia. Wakaelewana. Marut moja ikapelekwa Misri ifungwe E-300. Na HA-300 ya Misri iliporuka mara ya kwanza Machi 1964, aliyekaa ndani alikuwa rubani wa majaribio wa India, Kapil Bhargava. Nchi mbili zilizotoka mikononi mwa Mwingereza mmoja zilikuwa zinajaribu kuachana naye hata angani. Kisha vikaja vita vya 1967, Misri ikavunjika mfuko, na 1969 mradi ukafungwa. Ndoto ya injini ikafa nao.

India ilijenga Marut 147. Zilipigana vita vya 1971 na zilijitahidi, kuna hata zilizorudi nyumbani na injini moja baada ya kupigwa risasi kutoka ardhini. Lakini tayari 1962 serikali ilikuwa imeamua kuchukua MiG-21 za Usovieti na kuziunda nchini kwa leseni. Tank aliondoka 1967. Hakuna aliyeagiza ndege ya kumrithi Marut ichorwe, na wale vijana waliofundishwa naye wakatawanyika.

Mtu atasema: si MiG ziliundwa India pia? Ziliundwa, mamia kwa mamia. Lakini kuunda kwa leseni na kubuni ni kazi mbili tofauti. Kuna fundi cherehani anayeletewa vitambaa vilivyokatwa tayari, yake ni kuunga tu. Anaweza kuunga sare elfu moja, mshono ukawa safi kabisa. Siku mteja akija na kipimo kipya hajui pa kuanzia, kwa sababu hajawahi kushika mkasi. India iliunga MiG kwa miaka mingi bila kushika mkasi.

Ilipofika 1983, serikali ilianzisha mradi wa ndege nyepesi ya kivita kuchukua nafasi ya hizo MiG. Ndiyo inayoitwa Tejas leo. Wakagundua kwamba mkasi wenyewe haupo. Tangu Marut iruke ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini bila ndege mpya ya kivita kubuniwa mwanzo hadi mwisho. Wazoefu walikuwa wamestaafu au wamekufa. Teknolojia nayo ilikuwa imekimbia: ndege za kisasa zinachorwa makusudi zisitulie angani, ili zigeuke haraka, na kompyuta ndiyo inayozishikilia zisianguke. Bila hiyo programu rubani hawezi kitu.

Programu hiyo wahandisi wa India walikuwa wanaiandaa kwa kusaidiana na Lockheed Martin ya Marekani. Mei 1998 India ikalipua mabomu ya nyuklia ya majaribio, Marekani ikaweka vikwazo. Wahandisi waliokuwa Marekani wakarudishwa nyumbani, vifaa vyao vikazuiliwa huko. Watu wengi waliandika tanzia ya mradi wakati huo. Wale wahandisi wakamalizia kazi Bangalore, wenyewe. Januari 4, 2001 Tejas ikaruka, na ilipita miaka 23 ya safari za majaribio na za kawaida kabla ya moja kuanguka, Machi 2024. Nyingine ilianguka Novemba 2025 kwenye maonyesho ya Dubai, mbele ya watazamaji, rubani akafa. Siwezi kuwaficha hilo. Lakini ukitaka kujua utafiti wa ndani unanunua nini, tazama hiyo miaka mitatu kati ya 1998 na 2001. Nchi ilinyimwa kitu ikawa na watu wa kukitengeneza. Vikwazo kama hivyo Argentina ilivijibu kwa kungoja.

Tejas iliingia kikosini 2016. Tangu 1983 ni miaka 33. Hiyo ndiyo takwimu ambayo wapinzani wa wazo hili hupenda kuirusha, na ni ya kweli. MiG-21 za mwisho zimestaafu 2025 tu, zikiwa zimengoja mrithi wake mpaka zikazeeka na kuua marubani wengi njiani. Ila wanapoitaja takwimu hiyo wanaruka sababu yake. Sehemu kubwa ya huo muda ililipwa kama faini ya kuacha. Marut ilichukua chini ya miaka mitano mpaka kuruka. Uzi ulipokatwa, kuuanza upya kulichukua miaka kumi na minane mpaka kuruka.

Mimi nasoma siasa, si uhandisi, kwa hivyo kuna hesabu nyingine inayonivutia zaidi. Kati ya 1983 na 2016 India ilifanya chaguzi kuu tisa. Serikali zilibadilika, vyama vilibadilishana viti, kulikuwa na muungano uliovunjika baada ya miezi. Hakuna aliyeufuta mradi kwa sababu ulianzishwa na adui yake. Sisi barabara ya kilomita ishirini ikianzishwa na utawala mmoja, mwingine anaipa jina jipya au anaiacha na kokoto zake. Hapo ndipo ningeanza kushuku uwezo wetu, si kwenye hesabu za wanafunzi wetu.

Na tusidanganyane kuhusu injini. India ilianza kuunda yake, Kaveri, miaka ya 1980. Mwaka 2008 ikatolewa kwenye mpango wa Tejas kwa sababu haikufikia nguvu iliyotakiwa. Vile vipanga vidogo vinavyozunguka ndani ya injini hukaa kwenye hewa yenye joto kuliko kiwango cha kuyeyusha metali vilivyoundwa nayo, na ufundi wa kuvifanya visiyeyuke unajulikana na nchi chache sana, zinazouficha kama mapishi ya mama mkwe. Hata China, na utajiri wake wote, ilitegemea injini za Urusi kwa miaka mingi. Tejas inaruka na injini ya General Electric ya Marekani. Mwaka 2021 jeshi la India liliagiza ndege 83 za toleo jipya, na zilipokaribia kuwa tayari injini hazikuja. Ya kwanza ilifika Machi 2025. Miili ya ndege ilikuwa kiwandani ikingoja moyo kutoka ng'ambo, miaka sitini baada ya Marut kungoja vile vile.

Kwa hivyo kujitegemea kamili hakuna, na mwanasiasa anayeahidi hivyo anauza hewa. Kilichopo ni kupunguza idadi ya mahali ambapo mtu mwingine anaweza kukuzimia taa. Argentina inaweza kuzimiwa kila mahali. India siku hizi kubwa iliyobaki ni injini. Tofauti hiyo ndiyo inayolipiwa.

Sasa hoja ya hospitali, ambayo ni hoja ya haki na haifai kujibiwa kwa kelele za uzalendo. Jibu langu ni Brazil.

Brazil haikuanza na ndege ya kivita. Mwaka 1950 ilianza na shule: chuo cha uhandisi wa anga, ITA, mjini São José dos Campos, kilichoanzishwa kwa msaada wa profesa kutoka MIT ya Marekani. Karibu na chuo ikaweka kituo cha utafiti cha jeshi la anga. Watu wakasoma, wakapima, wakakosea mambo madogo madogo kwa bei nafuu. Oktoba 1968 ndege ndogo ya abiria, Bandeirante, ikaruka kutoka hapo, na mwaka uliofuata serikali ikaunda kampuni ya kuizalisha, Embraer. (Naam, ulikuwa utawala wa kijeshi. Ndiyo maana nilianza na India, ili msiseme haya mambo yanawezekana tu bila uchaguzi.) Kisha ndipo wakaingia kwenye za kivita: kwanza wakaunda ndege ya Kiitaliano kwa leseni, halafu wakabuni AMX kwa ubia na Italia hao hao, ikaruka 1984. AMX haikuuzika nje. Kibiashara ni hasara tupu. Lakini wahandisi walioshika kazi ya jeti na kompyuta za urukaji pale ndio waliokuwepo Embraer ilipoanza kuunda jeti za abiria.

Ukipanda Kenya Airways kwenda Kisumu au Mombasa, kuna uwezekano mkubwa umekaa ndani ya Embraer 190. Hiyo nauli yako sehemu yake ilishakwenda São José dos Campos.

Na kuna jingine la kwetu kabisa. Marubani wa jeshi letu walipata ndege 12 za mafunzo aina ya Tucano, zilizoundwa na Short Brothers ya Belfast. Watu huzihesabu kama ndege za Mwingereza. Tucano ilichorwa Brazil, na Embraer. Jeshi la anga la Uingereza liliichagua 1985, na kiwanda cha Belfast kikaomba leseni kwa nchi ya dunia ya tatu. Huyo ndiye fundi aliyeshika mkasi.

Kwa hivyo swali la ndege au dawa mara nyingi limeulizwa vibaya. Pesa ya kununua ndege zilizokwisha kuundwa inatoka nchini siku hiyo hiyo, haimwajiri hata mwanafunzi mmoja. Pesa ya maabara, ya handaki la upepo la kupimia mabawa, ya mshahara wa mhandisi wa metali, inabaki, na yule mhandisi wa metali hafanyi kazi ya vita peke yake. Kama hatuna pesa ya zote mbili, ya kukata kwanza ni ile ya kununua.

Kuna hatari ninayoiogopa zaidi ya gharama, na ni ile sentensi "siri ya usalama wa taifa". Kwetu sentensi hiyo imefunika mambo mengi ambayo hayakuwa siri wala usalama. Mradi wa utafiti wa kijeshi bila macho ya bunge utakuwa shimo tu. Tena hapa India ina la kutufunza: mwaka 2015 mkaguzi mkuu wa hesabu wa serikali alichapisha ripoti hadharani akiorodhesha mapungufu 53 ya Tejas. Adui naye aliisoma, bila shaka. Ndege haikuanguka kwa sababu ya ripoti, na baadhi ya mapungufu yalirekebishwa kwa toleo jipya.

Je, Kenya ianze kuchora ndege ya kivita kesho? Hapana, na anayesema ndiyo hajasoma mpaka hapa. Lakini tumewahi kuona gharama ya kuwa mahali tu. Desemba 12, 1970 setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru, kwa heshima yetu, maana ilikuwa siku yetu. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia. Tulichangia bahari na neno. Ilichukua mpaka Aprili 2023 ndipo Taifa-1, setilaiti iliyobuniwa na wahandisi Wakenya, ikaenda juu, kwa roketi ya kukodi. Hatua ya kwanza inayofanana na Brazil ya 1950 iko hapo, pamoja na wale wanafunzi wa uhandisi wa anga ambao tayari wako vyuoni na wakimaliza wengi hawana karakana ya kuwapokea. Droni, ukarabati wa ndege tulizonazo, metali. Na kama bajeti ya nchi moja haitoshi, Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo, ingawa huko nako tunabishana mpaka juu ya mahindi.

2027 inakuja, na ahadi hii mtaisikia jukwaani. Akikwambia tutaunda ndege zetu, muulize injini itatoka wapi, na ni nani atakayekuwa anaulipia mradi baada ya yeye kuondoka. Akikwambia tununue tu, muulize vipuri vya mwaka wa kumi vimeandikwa ukurasa gani wa mkataba, na nchi ngapi zina haki ya kusema hapana.

Najua mtaniuliza mbona sikugusa Afrika Kusini. Hiyo inaingiza vikwazo, ubaguzi wa rangi na yaliyotokea baada ya 1994, kwa hivyo nitaiandikia uzi wake. Maswali ya India na Brazil wekeni hapo chini.